Hivi Babeli na Babiloni ni kitu kimoja?

Mgambo wakija sokoni kwetu, anayetushtua ni Rasta. Anauza makubadhi na bangili za shanga juu ya turubai la buluu, kwenye kona ambayo barabara inaonekana yote mpaka kwenye mzunguko. Akiiona tu ile pikapu anashika pembe nne za turubai, anazikunja kwa mkupuo mmoja bidhaa zikiwa ndani, na kupaza sauti: "Babiloni hao!" Baada ya hapo ni kila mtu na mzigo wake.

Siku moja nilikuwa nimekaa kwa mama ntilie aliye jirani yake, nakula wali maharage. Mama akalinyanyua sufuria kwa pindo la kanga, akalificha nyuma ya ukuta. Pikapu ikapita bila kusimama, akalirudisha jikoni. Alipokwisha kufuta mikono akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa magazeti. Hivi hii Babiloni ya huyu, na Babeli ya kanisani, ni kitu kimoja?"

Nikamwambia ndiyo mama, ni mji mmoja.

"Mbona Babeli ni mnara?"

Wali uliisha kabla sijamaliza kumjibu, na tangu siku hiyo sijaacha kulifuatilia swali lake.

Mji wenyewe haujapotea. Magofu yake yako kando ya mto Frati nchini Iraki, kiasi cha kilomita 85 kusini mwa Baghdad, pua na mdomo na mji wa Hilla, na mkoa mzima unaitwa Babil mpaka leo. Hammurabi, yule wa sheria zilizochongwa kwenye jiwe, alitawala hapo karne ya 18 KK. Nebukadreza wa Pili alikaa kwenye kiti kuanzia mwaka 605 hadi 562 KK na kuujenga kwa matofali mamilioni, mengi yakiwa yamepigwa mhuri wa jina lake. Koreshi wa Uajemi aliuteka mwaka 539 KK, na Alexander Mkuu alifia humo mwaka 323 KK. Kutoka hapo mji ukaanza kudidimia, watu wakahama, mchanga ukafunika kuta. Jina peke yake ndilo lililoendelea kusafiri.

Wenyewe kwa lugha yao ya Kiakadi waliuita Bab-ili, mlango wa mungu. Hata walipoandika kwa Kisumeri, lugha ya zamani zaidi, waliandika Ka-dingira, maana ni ileile. Aliyesoma chuo cha Kurani, au aliyewahi kusikia mabaharia wakiitaja Bab el-Mandeb, hahitaji mkalimani: Kiakadi na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na bab ni mlango kwa zote mbili. Hata hivyo wapo wataalamu wa maandishi ya kale wanaoona kwamba nayo hiyo ni tafsiri ya baadaye. Umbo la kwanza kabisa la jina, kitu kama Babila, lilikuwepo kabla Waakadi hawajalisikia, na lilitoka katika lugha isiyojulikana. Wakalisikia, wakatambua humo "bab" na "il", wakaridhika. Kwa hiyo hata wenyeji walianza kwa kulifasiri jina walilolikuta.

Kwetu nako mlango una kazi nyingi. Upo wa nyumba, upo wa bahari baina ya nchi mbili, upo wa ukoo kwa watu wa Lamu na Mombasa, na upo wa kitabu. Mhubiri akitaka kusimulia habari za mnara atawaambia waumini wafungue Mwanzo, mlango wa 11.

Humo ndimo jina lilimogeuziwa maana kwa mara ya kwanza. Mwandishi wa Kiebrania alijua fika kwamba wenye mji wanajisifu kuwa mlango wa mungu, naye akawatania. Kiebrania kina kitenzi balal, kuchanganya, kuvuruga. Babel, balal: masikioni mwa Mwebrania sauti hizo zinakaribiana kiasi cha kuchekesha, na mwandishi akasema jina linatokana na huko, kwamba hapo ndipo lugha za watu zilipovurugwa. Kwa maneno mengine, mnajiita mlango wa mungu, sisi tunawaita mvurugano.

Biblia yetu ya Union inatumia kitenzi "kuchafua" mahali hapo, na utani wote unapotea. Msomaji wa Kiswahili anaambiwa mji uliitwa Babeli kwa sababu lugha ilichafuliwa, na hana njia ya kuona sababu yenyewe iko wapi. Nami nikifikiria jambo hili nasikitika kidogo, kwa kuwa Kiswahili kina neno ambalo ungedhani lilifinyangwa kwa kazi hiyo: kubabaika. Anayeweweseka usingizini hubabaika. Anayehojiwa na jibu hana, hubabaika. Fundi anayekula malipo ya awali akazima simu ni mbabaishaji. Laiti mfasiri angeandika kwamba mji uliitwa Babeli maana hapo watu walibabaishwa lugha yao, mtoto wa darasa la pili angecheka kama alivyocheka Mwebrania. Maneno haya hayana udugu wowote, ni bahati ya sauti tu. Lakini bahati ya namna hiyo haimjii mfasiri kila siku.

Wafasiri nao siwalaumu sana, walikuwa na Babeli yao ya kushughulika nayo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kukifasiri kitabu hichohicho cha Mwanzo kwa lugha ya pale. Edward Steere alikuja Unguja miaka 20 baadaye na kufasiri kwa Kiunguja. Kwa miongo mingi Wakristo wa Mombasa na wa Unguja wakawa na vitabu viwili vyenye Kiswahili kisichofanana, mpaka mwaka 1952 ilipotoka Biblia ya Union, na neno hilo la Union, yaani "muungano", lilikuwa na maana hiyo hasa.

Nikamwambia mama ntilie jambo moja ambalo lilimshangaza. Katika Biblia yake, mji wa mnara katika Mwanzo, mji wa Nebukadreza katika Danieli, na yule mwanamke aliyepanda mnyama katika Ufunuo wote wanaitwa Babeli. Ndivyo ilivyo pia katika Kiebrania: jina moja tangu mwanzo hadi mwisho wa Agano la Kale. Waliotenganisha ni Wagiriki na Walatini. Wafasiri wa Kigiriki cha kale waliandika Babylon karibu kila mahali, ila kwenye habari ya mnara waliliacha jina kabisa wakaandika neno la Kigiriki lenye maana ya mvurugano. Biblia ya Kilatini ikaandika Babel kwa mji wa mnara, na Babylon kwingineko. Ulaya ikarithi majina mawili, na ndiyo maana Mwingereza anaweza kuishi miaka 80 bila kung'amua kwamba Babel na Babylon ni mji mmoja. Mama yetu hapa sokoni alikuwa na jina moja tu, mpaka Rasta alipomletea la pili.

Na mnara? Ulikuwepo. Uliitwa Etemenanki, nyumba ya msingi wa mbingu na dunia, na kitako chake kilikuwa cha mraba wa kiasi cha mita 91 kila upande, kama umechukua urefu wa uwanja wa mpira ukauzungusha pande nne. Watu wengi husimulia kwamba uliangushwa. Mwanzo haisemi hivyo, inasema tu waliacha kujenga. Aliyeondoa kifusi chake ni Alexander, kwa nia ya kuujenga upya, akafa kabla hajaanza. Waliobaki wakachukua matofali. Leo mahali pale ni shimo la mraba lenye maji na matete.

Maana ya pili iliandikwa kwa machozi. Mwaka 597 KK, na tena mwaka 586 KK, majeshi ya Nebukadreza yaliiteka Yerusalemu, mara ya pili yakalichoma hekalu, na watu wakapelekwa uhamishoni kando ya mifereji ya Frati. Zaburi ya 137, kilio cha watu hao, inatoka huko. Tangu hapo Babeli haikuwa tena mji wa kutaniwa, ikawa jina la mwenye nguvu aliyekuondoa kwenu. Katika kitabu cha Yeremia jina limefichwa mara mbili kwa fumbo: herufi ya kwanza ya alfabeti inabadilishwa na ya mwisho, ya pili na ya pili kutoka mwisho, na B-B-L inageuka Sh-Sh-K. Ukifungua Yeremia 25:26 ukakutana na mfalme wa "Sheshaki", usiitafute nchi hiyo kwenye ramani.

Fumbo hilo lilipata wafuasi. Mwaka 70 BK Warumi walilichoma hekalu la Yerusalemu kwa mara nyingine, na waandishi wa kizazi hicho wakaanza kuiita Roma Babeli. Ufunuo unamwelezea mwanamke aliyeketi juu ya vilima saba, na msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa ni mji gani wenye vilima saba. Waraka wa kwanza wa Petro unamaliza kwa salamu kutoka Babeli, na wafafanuzi walio wengi wanaona salamu hizo zilitoka Roma.

Mlango ukishafunguliwa hivyo, kila mwenye hasira alipitia humo. Mapapa walipohamia Avignon, Ufaransa, kuanzia mwaka 1309 hadi 1377, mshairi Petrarch aliuita mji huo Babeli, na watu wakakiita kipindi kizima uhamisho wa Babeli. Martin Luther mwaka 1520 aliandika kitabu juu ya uhamisho wa Babeli wa kanisa, na safari hii mkosaji alikuwa Roma tena. Huko Urusi, walikolipokea jina kutoka kwa Wagiriki likiwa na V, Vavilon ni pia michoro ya kujipindapinda, na mlevi anayepepesuka barabarani husemwa anaichora Vavilon kwa miguu yake. Kwa Mwitalia babilonia ni fujo tupu, kama chumba cha watoto watano asubuhi ya shule.

Kuna Babeli nyingine inayochanganya watu wa historia, nayo ni ya Misri. Warumi walikuwa na ngome iitwayo Babylon pale ambapo sasa ni Kairo ya Kale, na mwaka 641 Amr ibn al-As aliiteka, akaanzisha Fustat kando yake. Kwa sababu hiyo Wazungu wa enzi za vita vya Msalaba waliposema "Sultani wa Babeli" walimaanisha mtawala wa Misri. Salahuddin amepewa cheo hicho katika hadithi za Boccaccio, na msomaji asiyejua anaweza kudhani aliketi Iraki.

Lakini wapo walioishi katika mji huo wa machozi na kuugeuza. Koreshi aliporuhusu Wayahudi kurudi kwao, wengi walibaki. Karne kadhaa baadaye vyuo vyao vya Sura na Pumbedita, huko huko baina ya mito ya Frati na Hidekeli, vilitunga Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa mijadala ya sheria ambao Wayahudi wanausoma mpaka leo. Ipo pia Talmudi ya Yerusalemu, lakini mwanafunzi akisema tu "Bavli", ya Babeli, ndiyo inayohesabika. Jina la uhamisho likawa jina la elimu. Jamii ile ilikaa Iraki miaka 2,500, hadi 1950 na 1951 walipoondoka zaidi ya watu 120,000, wengi kwa ndege.

Aliyelelewa pwani ataniuliza mbona nimekaa kanisani muda wote. Kweli, mtoto wa chuoni anaijua Babil kabla hajasikia habari za mnara. Iko katika Sura al-Baqara, aya ya 102, pamoja na majina ya Harut na Marut, malaika wawili ambao hawakumfundisha mtu mpaka wamwonye kwamba wao ni mtihani. Kwa msikilizaji huyo Babil inaleta harufu ya sihiri, mambo yanayosemwa kwa sauti ya chini.

Na sifa hiyo ya mji ni ya zamani kuliko dini zote mbili. Makuhani wa Babeli walizitazama nyota usiku hadi usiku na kuandika kwenye vigae vya udongo. Duara la mbingu lenye buruji 12 ni lao, na mtindo wa kuhesabu kwa sitini, ambao ndio unaoifanya saa iwe na dakika 60, ni wa nchi yao. Horace, mshairi wa Roma, alimwonya mwanamke mmoja asihangaike na hesabu za Babeli, yaani asiende kwa mnajimu. Hamali, Thauri, Jauza, Saratani: mwalimu wa falaki wa Lamu au Unguja anapoyataja majina hayo anataja buruji zilizopangwa kando ya Frati. Safu ya nyota kwenye gazeti, ambayo wengi huifungua kabla ya ukurasa huu, imetoka huko huko.

Ukiyaangalia majina haya pamoja utaona jambo moja. Maana aliyoitoa mwenye mji, mlango wa mungu, haitumiki popote. Zilizobaki zote zimetolewa na watu wa nje: mtumwa, mtani, mshindani, mwanafunzi wa elimu yake. Mfalme aliyepiga mhuri kwenye mamilioni ya matofali hakuweza kulisimamia neno moja.

Na walioshika neno hilo kwa nguvu kuliko wote katika karne iliyopita ni wajukuu wa watumwa. Tarehe 2 Novemba 1930 Haile Selassie alitawazwa Addis Ababa, na huko Jamaika, kisiwa kilichokuwa chini ya Mwingereza, wapo waliousoma utawazo ule kama unabii uliotimia. Leonard Howell alihubiri kwamba mfalme wa watu weusi si yule wa London, na mwaka 1934 akafungwa kwa uchochezi. Kijiji alichokianzisha, Pinnacle, kilivamiwa na polisi mara kwa mara. Wafuasi wake, ndio Rasta wa mwanzo, waliisoma Zaburi ya 137 kama barua yao wenyewe: wametolewa Afrika, wamewekwa kando ya mito ya watu. Babylon ikawa serikali ya kikoloni, benki, shule, kanisa la bwana mkubwa. Na kwa kuwa serikali haiji nyumbani kwa mtu yenyewe, ila hutuma askari, Babylon ikawa askari. Aprili 1963, mwaka uliofuata uhuru, polisi na wanajeshi waliwakamata na kuwapiga Rasta wengi katika msako wa Coral Gardens. Serikali ya Jamaika iliomba radhi mwaka 2017.

Muziki ndio ulioleta jina huku. The Melodians waliitia zaburi ile kwenye rege mwaka 1970, na mwaka 1978 Boney M wakairekodi Ujerumani Magharibi kwa mdundo wa disko. Nimeuona wimbo huo ukichezwa harusini, bwana harusi na mashangazi wakizungusha viuno kwa furaha juu ya kilio cha watu waliopigwa pingu. Bob Marley mwaka 1979 alikuwa na wimbo mzima juu ya mfumo wa Babylon. Kaseti zikafika Dar es Salaam, Arusha, Mombasa, na kijana asiyejali sana Biblia akapata neno la kumwitia mwenye virungu.

Sikiliza jinsi Kiswahili kilivyolipokea. Babeli ya kanisani ni mji: Babeli umeanguka. Ya sokoni ina miguu: Babiloni wamekuja, Babiloni hao, Babiloni wamechukua mzani wa mwenzetu. Mji umehamia ngeli ya watu, na hakuna mwalimu wa sarufi aliyeombwa ruhusa. (Neno rasta lenyewe halikusalimika. Ukiingia saluni Kariakoo ukasema unataka rasta, utaulizwa pakiti ngapi na rangi gani.)

Mji halisi, wakati huo, uliendelea kupata wageni. Mjerumani Robert Koldewey aliuchimba kuanzia mwaka 1899 hadi 1917. Miaka ya 1980 Saddam Hussein alijenga upya kasri la Nebukadreza juu ya misingi ileile, na matofali mapya yakapigwa mhuri wa jina lake yeye. Mwaka 2003 majeshi ya Marekani yaliweka kambi ndani ya magofu, baadaye yakaja ya Poland. Ripoti ya Jumba la Makumbusho la Uingereza ya mwaka 2005 ilieleza jinsi magari mazito yalivyosaga sakafu ya matofali ya barabara ya kale na jinsi udongo wenye vipande vya mambo ya kale ulivyojazwa kwenye magunia ya kinga. UNESCO iliuingiza mji kwenye orodha ya urithi wa dunia Julai 2019.

Wiki iliyopita nilirudi sokoni na picha kwenye simu. Nilikuwa nimemletea mama mlango wa Ishtar, ule wa matofali ya buluu yenye fahali na majoka, ambao wafalme walipita chini yake. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akauliza uko upande gani wa mji.

Nikamwambia uko Berlin. Koldewey alifunga vipande kwenye mamia ya makasha, vikaoshwa na kuunganishwa huko, na tangu mwaka 1930 umesimama ndani ya jumba la makumbusho. Iraki imekwisha kuudai.

"Kwa hiyo mtu akienda Ujerumani anauona?"

Hapana mama, jumba linakarabatiwa. Upande huo umefungwa, wanasema mpaka mwaka 2037.

Rasta alikuwa anapaka gundi soli ya kubadhi, hakuinua hata kichwa. "Babiloni," akasema, "wameiba mpaka mlango wa Babiloni."